Mgonjwa wa baridi yabisi na mizani ya dawa zake

Kama katika nyumba yako yupo mama ambaye wakati wa Alfajiri anashindwa kufungua kifuniko cha ndoo ya maji ya udhu, na ikifika saa nne asubuhi anakamua nguo kana kwamba hakuna kilichotokea, tafadhali usimwambie kuwa anajidekeza. Inawezekana anaumwa maradhi ya viungo ambayo tumezoea kuyaita baridi yabisi, na kukakamaa huko kwa asubuhi ndiyo alama yake kubwa.

Nimeanza na mama kwa sababu maradhi haya huwapata wanawake takriban mara tatu zaidi ya wanaume, na mara nyingi huanza katika umri ambao mtu ndiye tegemeo la nyumba. Kwa huku kwetu Simiyu hilo lina uzito wake. Palizi ya pamba ni kazi ya vidole na viganja. Kuvuna pamba ni kazi ya vidole. Kuchota maji, kusonga ugali, kumbeba mtoto, kote huko ni viganja. Maradhi haya yanapenda hasa vidole, viganja na nyayo, tena mkono wa kulia na wa kushoto kwa pamoja.

Nitakusimulia habari ya shangazi yangu, kwa sababu yeye amepita pande zote mbili za jambo ninalotaka tulizungumze.

Anaishi kijiji cha jirani na mji wa Bariadi. Vidole vyake vilianza kuvimba wakati wa palizi. Akapaka mafuta ya karafuu, akajifunga vitambaa vya moto, haikusaidia. Siku moja akaenda mnadani, akamkuta muuzaji anayetandaza dawa zake chini kwenye turubai, akauziwa vidonge vya "dawa ya mifupa" vilivyofungwa kwenye nailoni, havina boksi wala jina. Ndugu msomaji, baada ya siku nne shangazi alishika jembe. Nyumba nzima tulifurahi. Miezi ikapita, uso wake ukajaa ukawa wa mviringo, na katika harusi moja akina mama wakamwambia, "Shangazi umenawiri, siku hizi unakula nini?" Naye akacheka.

Ikaja Ramadhani, muuzaji akawa haonekani tena mnadani, na vidonge vikamwishia. Shangazi akafunga kama kawaida yake. Siku ya tatu hakuweza kusimama. Alikuwa anatapika, jasho linamtoka na mwili wa baridi. Tulipomfikisha hospitali presha yake ilikuwa chini sana na sukari ilikuwa chini. Daktari akauliza swali moja tu: "Anatumia dawa gani?" Tulichokuwa nacho ni kipande cha nailoni.

Alhamdulillahi alipona. Lakini akatoka na kauli yake: "Mimi dawa basi. Dawa ndizo zilizotaka kuniua." Akakaa zaidi ya mwaka bila tiba yoyote, na katika mwaka huo vidole vya mkono wa kushoto vikapinda. Havikunyooka tena hadi leo.

Huyo ni mtu mmoja aliyedhurika mara mbili: mara ya kwanza kwa kumeza dawa bila kujua madhara yake, mara ya pili kwa kuogopa dawa bila kujua madhara ya kukaa bila dawa.

Maradhi yenyewe ni yapi?

Jina la baridi yabisi linapotosha kidogo. Baridi haileti maradhi haya, ingawa maumivu yanaweza kuzidi wakati wa baridi. Wala si matokeo ya udhu wa maji baridi kama wanavyosema baadhi ya watu. Kupasha maji moto ili uweze kujitawadha kwa raha hakuna ubaya, ila usitegemee kuwa ndiyo tiba.

Kinachotokea ni kwamba kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, inaushambulia utando laini ulio ndani ya kiungo. Utando unavimba, unakuwa mnene, kisha unaanza kula gegedu na mfupa. Haya ni tofauti na viungo kusagika kwa sababu ya uzee, na ni tofauti na gauti, ambayo mara nyingi huanza ghafla kwenye dole gumba la mguu. Katika baridi yabisi mtu hukakamaa asubuhi kwa muda mrefu, mara nyingi saa nzima au zaidi, anachoka sana, na uvimbe unaendelea wiki 6 na kuzidi.

Miaka ya zamani vitabu vya kitabibu viliandika kuwa maradhi haya ni nadra kwa Waafrika. Uchunguzi uliofanyika Afrika Kusini katika miaka ya 1970 ulionyesha kuwa wakazi wa Soweto wanayapata kama watu wa Ulaya, wakati vijijini yalikuwa machache. Kwa hiyo asikudanganye mtu kuwa hayo ni maradhi ya Wazungu.

Hapa kwetu wafugaji kuna jambo la kuangaliwa kwanza. Maumivu ya viungo pamoja na homa inayokuja na kuondoka yanaweza kuwa brusela, maradhi yanayotoka kwa ng'ombe na mbuzi kupitia maziwa mabichi au kumsaidia mnyama aliyetupa mimba. Kifua kikuu nacho kinaweza kukaa kwenye kiungo. Haya yote yana vijidudu ndani yake, na mgonjwa wake akipewa dawa za kutuliza kinga ya mwili atazidi kuharibika. Ndiyo maana mtu wa Meatu au Itilima anayeumwa viungo asikubali dawa kabla ya vipimo. Pia kipimo cha damu kinachoitwa RF peke yake hakitoshi, kwa sababu kinaweza kuonyesha alama hata kwa mtu mwenye maradhi mengine, kikiwemo kifua kikuu. Daktari anatazama viungo, historia na vipimo kwa pamoja.

Kidonge kilichomnawirisha shangazi

Daktari alisema kwa dalili zile dawa ya mnadani ilikuwa na dawa za jamii ya predinisoloni au deksamethasoni. Dawa hizi zina kisa cha kuvutia. Mwaka 1948 daktari Philip Hench wa hospitali ya Mayo huko Marekani alimpa mwanamke mwenye baridi yabisi dawa mpya iliyoitwa kotisoni. Mgonjwa aliyekuwa hawezi kuinuka kitandani alitembea baada ya siku chache. Dunia ilishangaa, na mwaka 1950 Hench na wenzake wawili wakapewa tuzo ya Nobel. Lakini muda si mrefu madaktari wakaona upande wa pili: nyuso kuvimba, sukari kupanda, mifupa kuwa laini na kuvunjika. Yaliyowapata wagonjwa wa Marekani wakati ule ndiyo yaliyompata shangazi yangu Bariadi.

Uso wa mviringo haukuwa kunawiri. Dawa hizi zikitumika kwa muda mrefu na kwa wingi huleta presha, kisukari, mtoto wa jicho, udhaifu wa mifupa, na hushusha kinga kiasi kwamba kifua kikuu kilicholala kinaamka. Kuna pia minyoo fulani midogo inayoingia kupitia ngozi ya miguu inayotembea peku, ambayo kwa kawaida hukaa tumboni kimya kwa miaka, lakini kwa mtu anayetumia dawa hizi huweza kusambaa mwilini na kuua. Mwambie daktari kama umekuwa ukifanya kazi ya shamba bila viatu.

Hatari kubwa zaidi ni kuziacha ghafla. Juu ya figo kuna tezi zinazotengeneza homoni ya namna hiyo hiyo. Ukimeza dawa kwa zaidi ya wiki 3 hivi, tezi zinalala, maana zinaona kazi inafanywa na kidonge. Ukiacha ghafla mwili unabaki bila homoni kabisa, presha inaanguka. Dawa hii hupunguzwa kidogo kidogo kwa maelekezo ya daktari.

Je, predinisoloni ni dawa mbaya? Hapana. Ikitolewa na daktari kwa kiwango kidogo na kwa muda mfupi, humsaidia mgonjwa wakati dawa za msingi hazijaanza kufanya kazi. Ubaya ni pale unapoimeza bila kujua kuwa unaimeza. Kwa hiyo kanuni ya nyumba yako iwe hivi: dawa isiyo na boksi, isiyo na jina na isiyosajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), ile ambayo hadi mwaka 2019 iliitwa TFDA, haiingii mdomoni. Hata ikiitwa ya asili. Dawa ya mitishamba inayoondoa uvimbe wa viungo kwa siku mbili tatu itilie shaka, kwani baadhi ya wauzaji huchanganya humo vidonge vya hospitali vilivyosagwa. Tusisahau pia mwaka 2011, watu kutoka kila pembe ya nchi walipokwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500. Wapo walioacha dawa zao za kudumu baada ya kikombe kile.

Diklofenaki ya kila siku

Dawa inayotumika zaidi majumbani ni diklofenaki, na ndugu yake ibuprofeni. Zinapunguza maumivu na uvimbe, lakini hazizuii mfupa kuliwa. Mtu anaweza kumeza diklofenaki miaka mitatu, maumivu yakawa nafuu, na vidole vikapinda palepale.

Madhara yake yapo tumboni, kwenye figo na kwenye moyo. Mtu mwenye vidonda vya tumbo, presha, ugonjwa wa figo au wa moyo asijinunulie. Anayetumia dawa za presha, hasa zile za kukojoa na zile za jamii ya kaptopili, figo zake ziko hatarini zaidi akiongeza diklofenaki. Usichanganye diklofenaki na ibuprofeni ukidhani unaongeza nguvu. Unaongeza madhara tu. Angalia jina la dawa lililoandikwa kwa maandishi madogo kwenye boksi, kwa sababu dawa moja huuzwa kwa majina mengi ya kibiashara, na nimeshaona mtu anameza boksi mbili za rangi tofauti kumbe ni kitu kimoja. Kinyesi kikiwa cheusi kama lami, hiyo ni damu kutoka tumboni, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Panadoli ni nafuu kwa tumbo, lakini mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24, kwa ajili ya ini lake.

Dawa yenye jina la kutisha

Sasa tuje kwenye dawa ya msingi, methotreksati. Hii ndiyo inayoogopwa, na nitaeleza kwa kirefu kwa sababu shangazi aliikataa mara mbili.

Dawa hii ilitengenezwa miaka ya 1940 kwa ajili ya saratani ya damu. Ukiisoma karatasi yake utakuta neno saratani, na hapo ndipo wengi huirudisha. Lakini kwa baridi yabisi hutumika kwa kiwango kidogo sana kuliko cha saratani, na tangu miaka ya 1980 ndiyo imekuwa nguzo ya tiba ya maradhi haya duniani. Inazuia kinga ya mwili isiendelee kula kiungo. Haitulizi maumivu kesho asubuhi. Huchukua wiki 6 hadi 12 ndipo uone tofauti, na wengi wanakata tamaa wiki ya tatu.

Methotreksati inamezwa MARA MOJA KWA WIKI. Si kila siku. Mara nyingi ni vidonge kadhaa vidogo vya miligramu 2.5, vyote siku moja, kama daktari alivyoandika. Mtu akikosea akaimeza kila siku, inaweza kumuua, na makosa haya yametokea katika nchi nyingi, hata zile zenye hospitali kubwa. Ninachopendekeza kwa nyumba zetu ni kuchagua Ijumaa usiku baada ya Isha. Ijumaa haisahauliki, na ukilala, kichefuchefu kinakupita usingizini. Andika neno IJUMAA kwa kalamu ya wino mzito juu ya boksi. Daktari atakupa na asidi ya foliki ya kupunguza madhara, nayo humezwa siku nyingine, si siku ile ya methotreksati.

Kabla ya kuanza, damu inapimwa: wingi wa damu, ini, figo, homa ya ini aina ya B na C, na virusi vya Ukimwi. Kifua nacho kinaangaliwa. Baada ya kuanza, vipimo vya damu hurudiwa kila baada ya wiki chache, kisha kila miezi 2 au 3. Vipimo hivi vinagundua ini au uboho likianza kuchoka kabla mgonjwa mwenyewe hajajua, na wakati huo dawa ikipunguzwa au kusimamishwa mara nyingi mwili hurudi sawa. Mtu asiyeweza kurudi kupima asianze dawa hii bila kuzungumza na daktari juu ya hilo. Vitabu vinaonya pia juu ya pombe, jambo ambalo tunatumai halimhusu msomaji wetu.

Liko onyo ambalo kwa mazingira yetu nadhani ni kubwa kuliko lile la pombe. Ni septrini. Kidonge hiki kinatolewa kwa kikohozi, kwa mkojo, kwa kila kitu. Septrini na methotreksati zikikutana mwilini huweza kuangusha uboho, mtu akaishiwa damu na kinga kwa siku chache. Hata SP ya malaria ni ya jamii inayotia wasiwasi hapo. Kwa hiyo ukienda zahanati kwa tatizo lolote, hata jino, sema neno hili kabla ya mengine: "Natumia methotreksati." Ukipata vidonda mdomoni, homa, michubuko isiyo na sababu, macho ya njano, au kikohozi kikavu na kubanwa pumzi, usimeze dozi inayofuata, nenda hospitali.

Mwanamke anayetarajia kupata mimba asiitumie kabisa, kwani huharibu mimba na kumlemaza mtoto, na asinyonyeshe akiwa anaitumia. Akitaka kuzaa, aseme mapema ili aache miezi 3 kabla na kubadilishiwa. Hili ni jambo la mume na mke kukaa na kuzungumza. Mume asishangae daktari akimuuliza mkewe habari za uzazi wa mpango.

Dawa za kubadilishia zipo. Haidroksiklorokwini ni jamaa wa klorokwini, ile tuliyokuwa tunaimeza kwa malaria mpaka nchi ilipoiacha mwaka 2001, wenye umri mkubwa wanaukumbuka muwasho wake. Ni nyepesi na inaweza kutumika wakati wa ujauzito, lakini kwa matumizi ya miaka mingi inaweza kudhuru sehemu ya nyuma ya jicho, hivyo macho yapimwe mwanzoni, na kila mwaka baada ya miaka 5. Ifungie kabatini: vidonge vichache tu vinaweza kumuua mtoto mdogo. Sulfasalazini nayo ipo, na zipo sindano mpya za ghali ambazo hazitolewi mpaka kifua kikuu kipimwe.

Mwezi wa Ramadhani

Mgonjwa ana ruhusa katika Kitabu cha Mwenyezi Mungu, Suratul Baqara, kula na kulipa siku nyingine, na asiyetarajiwa kupona ana njia yake ya fidia, muulize sheikh wako. Anayeweza kufunga na daktari akaridhia, methotreksati haina mgongano na saumu, kwani ni usiku mmoja wa wiki. Predinisoloni inaweza kuhamishiwa kwenye daku pamoja na chakula, lakini isiachwe. Diklofenaki ndiyo ngumu: kiu ya mchana wa jua la Simiyu pamoja na dawa hii ni mzigo kwa figo. Panga na daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, si usiku wa kuandama.

Na anayeshindwa kusujudu kwa ajili ya viganja au magoti, aswali kwa kukaa. Tusimtazame vibaya msikitini.

Wapi pa kuanzia

Zamani, kabla Simiyu haijawa mkoa mwaka 2012, mgonjwa wa Bariadi aliandikiwa rufaa ya Shinyanga. Sasa ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa pale Nyaumata, na kwa yanayozidi hapo kuna Bugando, Mwanza, kwa njia ya Lamadi. Nenda mapema. Uharibifu mwingi wa viungo hutokea katika miaka 2 ya mwanzo, na dawa huzuia mfupa usiliwe lakini haiurudishi ulioliwa. Beba boksi zote unazotumia, na za mitishamba, hata kama unaona haya. Uliza maswali manne: dawa hii itanisaidia nini, nitegemee nafuu lini, dalili gani ikitokea niache, na nikikaa bila dawa itakuwaje? Swali hili la nne wengi hawaliulizi, na shangazi hakuliuliza.

Siku hizi anameza dawa yake Ijumaa, wiki ya 60 na kitu sasa, na mjukuu wake wa darasa la tano ndiye anayeweka alama kwenye kalenda. Mwezi uliopita vipimo vya ini vilipanda kidogo, daktari akapunguza kidonge kimoja. Mkono wa kushoto hauwezi kufunga kitufe. Wa kulia unashika jembe, si kutwa, mpaka saa tano hivi, kisha anakaa kivulini na kuwasimamia wengine, kazi ambayo kwa kweli anaiweza sana.